Kutunga Uzi

Wenzangu husema walifika njia panda.
Mimi sikuona njia panda.
Niliona zipu iliyokwama chini ya kidevu,
Februari, Dundee, saa tatu kasorobo asubuhi,
upepo wa mto Tay ukinichapa kana kwamba unanidai.

Mtihani ulikuwa saa nne. Uhasibu, karatasi ya mwisho.
Kalamu tatu mkononi, kikokotoo,
na kitambulisho kimelala mfuko wa ndani
wa koti la mtumba linaloninyonga.

Duka lilikuwa dogo, mlango wa kijani,
kengele yake ikakohoa.
"Sogea dirishani," akasema Bi Netta Crichton.
Akaipaka zipu kipande cha sabuni, akaibembeleza
kama mtu anayemtoa mbuzi shambani kwa jirani
kabla jirani hajaamka.
Ikaachia. Nikapumua.
Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.
Muda ulitosha. Nataka hilo lieleweke:
muda ulitosha.

Ila alikuwa na sketi ya mtoto mapajani
na mkono wenye tetemeko.
Uzi unalenga tundu, unakosa,
analowesha ncha kwa mate, analenga, anakosa.
Hakuniomba. Nilinyoosha mkono tu,
nikautunga.
Akanipa sindano nyingine, nikaitunga.
Ya tatu uzi mweusi. Ya nne, buluu ya sare za shule.
Redio ikatangaza saa nne
na mimi nilisikia.

Kiswahili hakina haya: neno moja, kutunga,
kwa uzi na ushanga, kwa shairi, kwa uongo,
kwa mimba, kwa usaha wa jipu.
Siku ile nilitunga karibu vyote.
Jipu lilikuwa la miaka mitatu.
Uongo niliutunga jioni, kwenye simu, hadi Korogwe:
"Nimefanya, Mama. Haikuwa ngumu."

Miezi kumi na minne niliulea,
nikaunyonyesha, nikauvisha,
ukaota meno, ukaniuma.
Kiwanja cha Baba Mdogo Semkiwa kiliuzwa kwa karo yangu.
Hadi leo nikitandaza kitambaa mezani
naiona mipaka yake, na ule mchungwa wa pembeni,
na mkasi unakuwa mzito.

Nilipowaambia, Mama alikata simu.
Baba alipiga kesho yake. Ujana wake wote
aliumalizia kiwanda cha kamba, mkonge kucha na mapafuni.
Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umepotea.
Kisha: "Kamba hukatikia pembamba, Mwanamkuu.
Mwenye kamba alipajua."
Sijui kama alinisamehe au alinihukumu.
Sijauliza.

Usinipigie makofi. Huenda ulikuwa woga tu
uliopata kiti na kikombe cha chai ya maziwa.
Netta hakuwahi kuniita jasiri.
Aliniita "macho yangu", basi,
na alipokufa aliniachia cherehani, paka kipofu
na deni la umeme.

Jumatano iliyopita kaingia kijana, zipu imemkaba,
kadi ya mtihani kaibana kwa meno.
Nikapaka sabuni, nikavuta, ikaachia.
Badala ya kutoka akasimama
akizitazama nyuzi ukutani, rangi baada ya rangi,
muda mrefu kuliko mtu mwenye haraka anavyotazama.
"Bei gani?" akauliza, bila kugeuka.
"Kimbia," nikamwambia.
Akakimbia.

Nikavaa miwani. Nikalowesha ncha ya uzi kwa mate,
nikalenga, nikakosa,
nikalenga.